Mwaka Mmoja wa Kuuliza

Katika lugha yetu neno "ufadhili" limetokana na fadhila, na fadhila ni jambo ambalo mtu hutendewa kisha akabaki na deni la shukrani moyoni. Labda ndiyo sababu tukisikia kwamba kijana fulani amepata ufadhili wa masomo tunafurahi kama vile amepewa ng'ombe wa maziwa. Ufadhili wa kusomea udaktari tunauelewa. Ufadhili wa kusomea upasuaji tunauelewa pia, kwa sababu mwisho wake unaonekana kwa macho: kisu, uzi, na mgonjwa anayeamka. Lakini upo ufadhili wa namna nyingine ambao huwashangaza hata watu wenye busara zao. Huo ni ule anaopewa daktari mpasuaji, au yule ambaye bado yumo katika mafunzo ya upasuaji, ili akiweke kisu chini kwa mwaka mmoja au miwili akafanye utafiti. Kwa maneno mengine, mpasuaji analipwa ili asipasue. Jambo hilo ndilo ninalotaka kulitafakari pamoja nawe, ndugu msomaji.

Mimi si tabibu. Nimefundisha walimu karibu maisha yangu yote ya kazi, na kwa miaka mingi nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Lakini kuhusu kuuliza maswali ninajua kidogo. Chuoni petu alikuwapo mkufunzi mmoja wa hisabati, mtu mpole asiyependa makuu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasimamia wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za jirani. Katika shule mojawapo utoro ulikuwa mkubwa, na kila aliyeulizwa alitoa jibu lile lile: watoto wa siku hizi ni wavivu na wazazi hawajali. Mkufunzi yule aliomba apunguziwe vipindi kwa muhula mmoja. Akachukua madaftari ya mahudhurio ya miaka mitatu, akahesabu siku baada ya siku. Alipomaliza ilidhihirika kwamba utoro ulikuwa na ratiba. Ulipanda siku za mnada na kushuka siku zilizofuata, kwa sababu watoto walikuwa wakibeba mizigo ya wazazi wao kwenda sokoni. Shule ilizungumza na wazazi, vipindi vya siku ya mnada vikapangwa upya, na uvivu ule uliotangazwa miaka yote ukapungua. Dawa ya tatizo ilikuwa ndani ya kabati la mwalimu mkuu muda wote. Kilichokosekana ni mtu mwenye nafasi ya kuhesabu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Pamoja na hayo, kuuliza kwa uangalifu kunahitaji muda, na muda una bei. Ufadhili wa utafiti ndio malipo ya muda huo.

Kwa upande wa wapasuaji, mfano mkubwa zaidi ninaoujua haukutokea mbali. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake mpasuaji, Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakujua la kufanya. Haukupita muda mrefu, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa aina ile ile. Mpasuaji mwenye shughuli nyingi angeweza kusema ni bahati mbaya tu ya watoto wawili, akaendelea na orodha yake ya siku. Burkitt alianza kupekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha makala ya kwanza kuhusu saratani hiyo ya watoto wa Afrika.

Kisha akataka kujua jambo ambalo kisu hakiwezi kulijibu: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Msaada wake wa kwanza wa utafiti ulikuwa pauni 25. Kwa fedha hizo alipeleka karatasi zenye picha na maswali kwa madaktari wa hospitali nyingi za Afrika. Mwaka 1961, baada ya kupata msaada mwingine, yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Walikwenda takriban maili 10,000 kwa muda wa wiki kumi, kutoka Kampala kupitia Tanganyika hadi Afrika ya Kusini na kurudi, wakiingia hospitali zaidi ya 50 na kuuliza swali moja tu. Waligundua kwamba karibu na ikweta ugonjwa ule haukuonekana mahali palipo juu zaidi ya futi 5,000 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo mpaka ule ulivyoshuka. Kumbe kimo hakikuwa chanzo. Kilichokuwa na maana ni joto na mvua, na ramani ya joto na mvua ikafanana na ramani ya magonjwa yanayoenezwa na mbu. Baadaye uhusiano wake na malaria ulithibitika.

Mwaka huo huo wa 1961, kabla ya safari, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwapo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Epstein, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kuona virusi ndani ya chembe za saratani hiyo. Hivyo ndivyo vilivyokuwa virusi vya kwanza kujulikana kuwa vinahusika na saratani ya binadamu. Burkitt na wenzake walionyesha pia kwamba watoto wale, ambao kisu kiliwashinda, wengi wao waliitikia dawa, na baadhi walipona kabisa. Kwa hiyo mpasuaji aliyekiweka kisu chini kwa wiki kumi aliwafaa watoto wengi kuliko ambavyo angewafaa kama angebaki Mulago akipasua usiku na mchana.

Kila ninapoitafakari habari hii nasimama mahali pawili. Kwanza nashangazwa na udogo wa zile pauni 25. Pili naona kwamba swali lilizaliwa Mulago, lakini sehemu kubwa ya jibu ilizaliwa London. Silalamiki, kwa maana darubini za kielektroni zilikuwa huko. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba watoto wale, mama zao waliowabeba mgongoni, na wauguzi waliowapokea hawakuachiwa urithi wa kutosha. Walitoa swali, lakini hawakuachiwa uwezo wa kuuliza swali linalofuata.

Mwaka 2018 jambo hili liliingia nyumbani mwetu. Binti wa marehemu kaka yangu, ambaye kwa mila zetu ni mwanangu, alikuwa masomoni kwa ajili ya ubingwa wa upasuaji katika hospitali moja kubwa ya rufaa. Mfuko mmoja wa nje ulimpa ufadhili wa mwaka mmoja wa kufanya utafiti papo hapo hospitalini kwake. Alitaka kuwafuatilia watu waliopasuliwa tumbo ili kujua vidonda vyao vinakuwaje baada ya kwenda nyumbani. Alikuja kunieleza, na maneno yake nayakumbuka:

"Baba mdogo, sisi tunamhesabu mgonjwa kuwa amepona siku anapotoka wodini. Nyuzi anakwenda kutolewa kwenye zahanati ya kwao. Kidonda kikitunga usaha siku ya kumi na mbili, mimi sijui. Aliyeshona ni mimi, anayeona ni mwingine."

Ufadhili ule ulilipa posho yake, posho ya muuguzi mmoja msaidizi, vocha za simu, na nauli za kuwafuata vijijini wale wasio na simu. Haukulipa kile alichokuwa akipata jioni kwa kufanya kazi za ziada katika hospitali za watu binafsi, maana masharti yalimtaka aache kazi hizo. Na fedha za jioni ndizo zilizokuwa zikinunua dawa za shinikizo la damu za mama yake, na ndizo zilizotarajiwa kumlipia ada mdogo wake aliyekuwa amepata nafasi katika chuo cha mifugo.

Kikao cha ukoo kiliitishwa. Wazee walinitaka mimi, kama msomi wa familia, nimshauri binti akatae. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mzee mmoja aliuliza, tena kwa heshima, inakuwaje nchi yenye wapasuaji wachache impe mmoja wao likizo ya kuhesabu vidonda. Mama yake binti akasema, "Shemeji, mimi sikatai elimu. Nauliza tu, huo mwaka mzima tutakula maswali?"

Hoja ya yule mzee ina uzito, na takwimu zinamuunga mkono. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la Lancet lilitoa taarifa kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati huduma salama ya upasuaji na ya dawa ya usingizi kwa gharama wanayoiweza, na kwamba zinahitajika operesheni nyingine milioni 143 kila mwaka ili kuokoa maisha na kuzuia ulemavu. Mtu akizisikia tarakimu hizo lazima ajiulize kama kuna mkono wa kupoteza hata mmoja.

Lakini mwaka 2018, mwaka ule ule wa kikao chetu, ilichapishwa taarifa nyingine ambayo binti alinisomea. Madaktari wa hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika, wakiongozwa kutoka Cape Town, walikuwa wamewafuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliofanyiwa upasuaji, kila hospitali ikichukua siku saba. Walikuta kwamba mgonjwa wa Afrika, ingawa kwa wastani ni kijana zaidi na hali yake ni nafuu kuliko ya wagonjwa wa kwingineko, uwezekano wa kufa baada ya upasuaji kwake ni mara mbili ya wastani wa dunia. Na katika kila vifo 100, karibu 95 havikutokea mezani wakati wa kupasuliwa. Vilitokea baadaye, wodini, pale ambapo jasho la mpasuaji lilikwisha kukauka.

Nilizitafakari habari hizo usiku kucha. Kama vifo vinatokea baada ya kisu, basi kuongeza visu peke yake hakutoshi. Lazima atokee mtu wa kutazama kile kinachofuata. Na huyo hawezi kuwa mgeni aliyekuja kwa mwezi mmoja. Anatakiwa awe ndiye aliyeshona, anayeijua wodi, anayejua kwamba muuguzi mmoja wa zamu ya usiku ana vitanda vingapi.

Upo mfano mzuri pia katika hospitali ya Thika, Kenya, uliochapishwa mwaka 2013. Hapo wagonjwa wengi walikuwa wakipewa dawa za antibayotiki kwa siku kadhaa baada ya upasuaji. Watafiti na wenyeji wa hospitali walibadilisha utaratibu: dawa itolewe kabla kisu hakijagusa ngozi, na baada ya hapo, kwa kidonda kisicho kichafu, isiendelee. Waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 3,000. Vidonda vya juu vilivyotunga usaha vilipungua kwa kiasi, na gharama za dawa, idadi ya sindano na muda wa wauguzi vikapungua sana. Hakikujengwa chumba kipya wala hakikununuliwa chombo cha ajabu. Watu waliuliza, wakahesabu, wakabadilisha saa ya kutoa dawa.

Basi nilikiambia kikao kwamba sitamshauri binti akatae. Nilisema pia kwamba yule mama ameuliza swali la haki na lazima lijibiwe kwa fedha, si kwa hotuba. Tukagawana. Dawa za mama zikachukuliwa na shangazi zake wawili na mimi. Ada ya kijana hatukuiweza. Alisubiri mwaka mzima, akiuza misumari na saruji katika duka la jirani. Alikubali, lakini hakukubali kwa furaha. Kwa miezi mitatu hakupokea simu za dada yake, wakati dada yake akiwapigia simu watu zaidi ya 200 asiowajua ili kuwauliza habari za vidonda vyao. Wodini nako wenzake wawili walizibeba zamu zake za usiku, na wao hawakupewa ufadhili na mtu yeyote. Mambo haya nayataja kwa sababu katika sherehe za kukabidhi vyeti hayatajwi. Ufadhili mmoja hulipwa na watu wengi, na mfadhili ni mmoja wao tu.

Matokeo ya kazi yake ni mali yake na walimu wake, nami sitayatangaza hapa. Nitaeleza jambo moja tu alilonisimulia. Alimfuata mzee mmoja kijijini ambaye kidonda chake kilikuwa kimetoa usaha kwa wiki mbili. Alipomuuliza kwa nini hakurudi hospitali, mzee alimjibu kwa utulivu kwamba aliona uchafu unatoka, kwa hiyo anapona. Tena nauli hakuwa nayo. Binti aliporudi aliitazama ile karatasi wanayopewa wagonjwa wanaporuhusiwa. Ilikuwa imejaa maneno ya kitaalamu, na hakuna mstari uliosema kwamba usaha si dalili ya kupona. Sasa wodi yao ina karatasi nyingine, ya Kiswahili chepesi, yenye picha nne na namba ya simu.

Nisije nikaeleweka kwamba kila ufadhili wa utafiti ni baraka. Upo unaokuja na swali lililokwisha kuandikwa ng'ambo, na daktari wetu anatakiwa tu kujaza majina na damu. Huo ni ukarani, ingawa unalipwa vizuri. Upo pia unaomchukua kijana na kumpeleka mahali ambapo ugonjwa aliotaka kuuchunguza haupo, akirudi awe amesahau swali lake. Wengine huogopa kwamba akishaonja utafiti hatarudi kwenye kisu wala nchini mwake. Kwa hofu hii ya mwisho kuna faraja. Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, kilichoundwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, hakina majengo ya kufundishia. Wanafunzi wake hujifunzia katika hospitali za nchi zao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 uliwatafuta wapasuaji 1,038 waliohitimu katika eneo la chuo hicho, na kukuta kwamba asilimia 85 wamebaki katika nchi walizosomea. Kwa hiyo mtu akifundishwa nyumbani, aghalabu hubaki nyumbani. Naamini kwamba hata swali likiulizwa nyumbani, hubaki nyumbani.

Linabaki suala la nani alipe. Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Uingereza kimekuwa na mpango wa ufadhili wa utafiti kwa wapasuaji vijana tangu mwaka 1993, na sehemu ya fedha zake hutokana na michango na wosia za watu wa kawaida. Mjane anafariki, anaacha kiasi fulani ili mpasuaji asiyemjua apate mwaka wa kuuliza. Sisi tunaweza kusema hatuna mali ya namna hiyo, lakini si kweli kwamba hatujui kuchanga. Vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa na pamba vilisomesha watoto wa wanachama wakati ambapo bei ya mazao ilikuwa ya kubahatisha. Na hadi leo kadi za michango ya harusi zinatufikia kila mwezi, nasi tunalipa, wakati mwingine kwa kukopa.

Katika kikao cha ukoo kilichofuata niliomba mstari mmoja uongezwe katika daftari la mweka hazina wetu. Daftari lina safu tatu: misiba, harusi, na ada. Niliomba safu ya nne, iandikwe "maswali". Walicheka sana, lakini mweka hazina akachukua rula akaichora. Kijana wetu alihitimu chuo cha mifugo, sasa anafanya kazi, na dada yake anapokewa simu zake. Ni yeye kijana aliyekuwa wa kwanza kuchangia safu ile, shilingi elfu kumi, akisema huenda siku moja atataka kujua kwa nini ndama wa bonde moja wanakufa na wa bonde la pili wanapona.

Fedha zilizomo hazitoshi hata nauli za mtafiti mmoja kwa mwezi. Lakini nakumbuka kwamba pauni 25 nazo hazikuwa nyingi, na kwamba kabla ya kuwapo pauni hizo alikuwapo mtu aliyeona mtoto wa kwanza, akaona wa pili, akakataa kupita.